Sifuri na Pande za Ua

Wapwa zangu, leo nimewaletea swali la ajabu. Ni swali lisilotaka jawabu lake.

"Mjomba, swali gani hilo lisilotaka jawabu?"

Umeuliza vizuri sana. Sogeeni karibu. Shuleni mmezoea kuulizwa, x ni ngapi? Mnakokotoa, mnaandika 5, mwalimu anaweka vema, mnakwenda kucheza. Swali la leo haliendi hivyo. Linawapa taarifa mbili, halafu linauliza: je, taarifa hizi zinatosha kuijua x? Halitaki uitaje. Linataka useme kama unaweza kuitaja bila shaka yoyote.

Tazameni hili. x ni ngapi? Taarifa ya kwanza inasema x + 4 = 9. Taarifa ya pili inasema x ni namba tasa. Ya kwanza inatosha, kwa maana ni 5 tu inayoikubali. Ya pili haitoshi. Namba tasa ni nyingi: 2, 3, 5, 7, 11, na zinaendelea bila mwisho. Basi unajibu, "Ya kwanza peke yake inatosha," na kazi imekwisha.

Watu wazima hupewa maswali ya namna hii katika mtihani uitwao GMAT, unaofanywa na wanaotaka kusomea shahada ya juu ya biashara. Majibu ya kuchagua ni matano, na ni yaleyale kila mara. Ya kwanza peke yake inatosha. Au ya pili peke yake. Au zote mbili zikiungana. Au kila moja kwa nafsi yake. Au hata zikiungana hazitoshi.

"Mjomba, hayo mbona rahisi?"

Ni rahisi mpaka x izidishwe na x. Hapo mambo hubadilika. Hapo tunamhitaji Sifuri, na Sifuri ana maneno yake. Msikilizeni.

Siku moja namba zilikusanyika uani. Ua mnaujua: una urefu, una upana, na ukizidisha urefu kwa upana unapata eneo. Kumi na Mbili akasimama kwa maringo akasema, "Mimi ni eneo la ua. Nitajieni pande zangu!"

Watoto waliokuwa wakitazama wakajibu haraka, "Ni 3 na 4!"

"Au ni 2 na 6," akasema Kumi na Mbili. "Au 1 na 12. Au nusu na 24. Mtajuaje?"

Watoto wakanyamaza. Kumi na Mbili anajua kuficha pande zake.

Sifuri alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kimya. Akainuka. "Mimi sijui kuficha," akasema. "Mkiambiwa eneo la ua ni mimi, jueni upande mmoja ni mimi. Ama urefu ni mimi, ama upana ni mimi, ama zote mbili. Njia nyingine hakuna."

"Mjomba, ua usio na upana ni ua gani?"

Ah, mpwa wangu, una akili ya kupekua! Ua usio na upana ni mstari tu. Huwezi kutandika hata mkeka. Eneo lake ni sifuri, hata urefu wake ukifika kutoka hapa hadi sokoni. Ndiyo maana Sifuri anaaminika. Namba nyingine zote zikiwa eneo, pande zinaweza kuwa hizi au zile. Sifuri akiwa eneo, lazima upande mmoja uwe sifuri.

Sasa shikeni mlinganyo huu: x² − 5x + 6 = 0. Mmeiona ile alama ndogo ya 2 juu ya x? Maana yake x mara x. Na upande wa kulia kakaa nani? Sifuri. Basi huu ni ua wenye eneo la sifuri. Tafuta pande zake!

"Tunazitafutaje, Mjomba?"

Tafuteni namba mbili. Mkizizidisha, zilete 6. Mkizijumlisha, zilete −5. Jaribuni 1 na 6: zikizidishwa ni 6, lakini jumla ni 7. Hapana. Jaribuni 2 na 3: zikizidishwa ni 6, jumla ni 5. Tumekaribia! Zipeni zote alama ya kutoa. −2 mara −3 ni 6, na jumla yake ni −5. Hizo ndizo. Basi mlinganyo wetu ni (x − 2)(x − 3) = 0. Kila mabano ni upande mmoja wa ua. Shuleni huitwa kigawo. Hapa uani tunauita upande.

Sifuri ameshatuambia: upande mmoja ni yeye. Kama x − 2 ni sifuri, x ni 2. Kama x − 3 ni sifuri, x ni 3. Tuhakikishe. Weka 2: 4 − 10 + 6 ni sifuri. Weka 3: 9 − 15 + 6 ni sifuri. Zote zinakubali.

Basi turudi kwenye swali letu. x ni ngapi? Taarifa ya kwanza: x² − 5x + 6 = 0. Je, inatosha?

"Haitoshi, Mjomba! x ni 2 au ni 3. Hatujui ni ipi."

Hongera! Ona wewe! Wengi wakiuona mlinganyo mmoja wenye herufi moja husema haraka, "Inatosha." Hawajatafuta pande zake. Mlinganyo ulikuwa na majibu mawili ndani yake, nao wakadhani ni moja.

Sasa naongeza taarifa ya pili: x ni namba shufwa. Yenyewe peke yake haitoshi, kwa sababu namba shufwa hazihesabiki. Lakini ziunganishe. Ya kwanza imesema 2 au 3. Ya pili imesema shufwa. Inabaki 2 peke yake. Zote mbili zikiungana zinatosha.

Ngoja nibadilishe kidogo. Taarifa ya pili iwe: x ni namba tasa. Je, zikiungana zinatosha?

"Zinatosha... hapana! 2 ni tasa. Na 3 ni tasa. Bado ziko mbili!"

Nakupa mkono, mpwa wangu. Hata zikiungana hazitoshi.

Na bado nina hila moja. Sitabadilisha taarifa. Nitabadilisha swali. Badala ya kuuliza x ni ngapi, nauliza: je, x ni kubwa kuliko 1? Taarifa ya kwanza ni ileile, x² − 5x + 6 = 0.

"Lakini majibu ya x ni mawili, Mjomba. 2 na 3."

Kweli. Na 2 ni kubwa kuliko 1? Ndiyo. Na 3? Ndiyo. Basi jibu ni ndiyo, uchukue hii uchukue ile. Inatosha! Hapa ndipo napapenda kuliko pote katika maswali haya. Taarifa ileile haitoshi kwa swali moja, na inatosha kwa jingine. Kwa hiyo usihesabu majibu ya x peke yake. Hesabu majibu ya lile uliloulizwa. Soma swali, tafuta pande, kisha rudi ulisome swali tena.

"Mjomba, nani wa kwanza kujua kwamba x inaweza kuwa na majibu mawili?"

Hilo ni swali la mtoto mwenye hamu. Watu wa kale huko Babeli walicheza na hesabu kama hizi maelfu ya miaka iliyopita. Lakini mimi nitawasimulia mmoja, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Aliishi Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun, na kama miaka 1,200 iliyopita aliandika kitabu cha kutatua milinganyo. Alikiandika kwa ajili ya shida za watu: kugawa mirathi, kufanya biashara, kupima ardhi, kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu chake ni hesabu za mirathi, zile ambazo masheikh wetu wa pwani wanazifundisha hadi leo.

Hakutumia x. Hakuandika hata alama ya kujumlisha. Aliandika yote kwa maneno. Moja ya hesabu zake, tukiiandika kwa mtindo wetu, ni x² + 21 = 10x. Al-Khwarizmi alisema jawabu ni 3, na pia ni 7. Sisi tutafanyaje? Hamisha 10x, Sifuri akae peke yake kulia: x² − 10x + 21 = 0. Tafuta pande zake. (x − 3)(x − 7) = 0. Ni 3, na ni 7. Tumekutana naye mlango mmoja!

Hesabu yake nyingine ni maarufu zaidi: x² + 10x = 39. Hii aliichora. Chora nawe mchangani. Anza na ua wa mraba, kila upande x. Eneo lake ni x². Ongeza kipande chenye upana wa 5 ubavuni, na kingine cha 5 kwa chini. Vipande viwili hivyo pamoja ni 10x. Mpaka hapa eneo lote ni 39. Lakini tazama, pembe moja ina pengo! Pengo hilo ni 5 kwa 5, yaani 25. Lijaze. 39 na 25 ni 64. Sasa una ua mkubwa wa mraba wenye eneo la 64, basi kila upande ni 8. Toa 5 ulizoongeza. x ni 3.

Uzuri gani huo, wapwa zangu! Mtu kachora ua, kajaza pembe, kapata jawabu.

"Lakini Mjomba, sisi tukitafuta pande tutapata 3 tu?"

Tujaribu. x² + 10x − 39 = 0. Namba mbili ambazo zikizidishwa ni −39 na zikijumlishwa ni 10. Ni 13 na −3. Basi (x − 3)(x + 13) = 0. x ni 3. Au x ni −13.

"Al-Khwarizmi hakuiona −13?"

Yeye alikuwa akipima pande za michoro, na hakuna upande wa ua wenye urefu wa −13. Kwa hiyo akataja 3 peke yake, na kwa kazi yake alikuwa sawa kabisa. Sasa lifanyeni kuwa swali letu. x ni ngapi? Taarifa ya kwanza: x² + 10x = 39. Taarifa ya pili: x ni urefu wa upande wa ua. Ya kwanza peke yake haitoshi, maana inaacha 3 na −13. Ya pili peke yake haisemi ua gani. Zikiungana, −13 inatoka, 3 inabaki. Zinatosha. Katika mitihani taarifa kama hiyo ya pili huandikwa kwa ufupi: x > 0. Ukiiona, usiipite. Alama ndogo hiyo inaweza kufukuza jibu zima.

Mtindo wetu wa mabano ulikuja baadaye sana. Mwingereza Thomas Harriot alifariki mwaka 1621, na miaka kumi baadaye, mwaka 1631, kitabu chake kikachapishwa. Humo milinganyo inaundwa kwa kuzidisha vigawo, kama tunavyofanya sisi.

Haya. Sasa Sifuri analia. Sikilizeni kwa nini.

Mtoto mmoja alipewa mlinganyo huu: x² = 3x. Akaona x huku na x kule. Akafurahi. "Nagawanya pande zote kwa x!" akasema. Akabaki na x = 3. Akaandika, "Inatosha."

Sifuri akapiga kelele kutoka kizingitini. "Umenifukuza! Umenifukuza nikiwa ndani!"

"Nimekufukuza wapi?"

"Ulipogawanya kwa x. Uliniuliza kama x ni mimi? Kugawanya kwa sifuri hakuruhusiwi. Wewe umegawanya kwa kitu usichokijua, na huenda kitu hicho ni mimi!"

Mtoto akafuta. Akaanza upya. Akahamisha 3x: x² − 3x = 0. Akatafuta pande zake: x(x − 3) = 0. Upande mmoja ni x yenyewe, mwingine ni x − 3. Basi x ni 0, au x ni 3. Weka 0: sifuri ni sawa na sifuri. Kweli. Weka 3: tisa ni sawa na tisa. Kweli. Majibu ni mawili. Haitoshi.

Nataka mlikumbuke hili kuliko yote niliyosema leo. Usigawanye kwa herufi ambayo hujui kama si sifuri. Hamisha vyote upande mmoja, mwache Sifuri akae kulia, kisha tafuta pande zake.

Kosa hilohilo huvaa nguo nyingine. Tuseme swali ni: x + y ni ngapi? Taarifa ya kwanza: x² − y² = 6(x − y). Ili kuivunja, kwanza tujue x² − y² ni nini. Turudi uani na jembe letu.

Ua wa mraba una hatua 5 kila upande. Eneo ni 25. Pembeni, bibi anataka bustani ya mchicha yenye hatua 3 kila upande. Eneo la bustani ni 9. Umebaki ua wenye eneo la 16, lakini una pembe iliyomegwa. Umekuwa na sura mbaya! Sasa ukate vipande viwili. Kimoja kina hatua 2 kwa 5. Kingine kina hatua 2 kwa 3. Viunge kichwa kwa kichwa. Unapata mstatili wa hatua 2 kwa 8. Na 2 ni nini? Ni 5 − 3. Na 8 je? Ni 5 + 3. Kwa hiyo x² − y² daima ni (x − y)(x + y). Jaribuni kwa namba zozote mnazotaka, jioni hii hii.

Haya, turudi. x² − y² = 6(x − y) inakuwa (x − y)(x + y) = 6(x − y). Mkono unawasha, si ndiyo? Unataka kugawanya kwa x − y upate x + y = 6. Ngoja! Sifuri anakutazama. Hamisha vyote upande mmoja: (x − y)(x + y − 6) = 0. Ama x + y ni 6, ama x na y ni sawa. Zikiwa sawa, zinaweza kuwa 1 na 1, au 50 na 50, na jumla haijulikani. Haitoshi. Lakini taarifa ya pili ikisema x si sawa na y, upande wa x − y si sifuri tena. Inabaki x + y = 6. Zikiungana, zinatosha.

Na je, tuliijua x? Hapana. Tuliijua y? Hapana. Hatukuzihitaji! Tuliulizwa jumla yake, tukaipata jumla. Kuna watoto hukesha wakitafuta x na y mojamoja, wakidhani bila hizo hawawezi kujibu.

"Mjomba, basi kila nikiona x² nitaandika haitoshi?"

Ah ah! Nimefurahi umeuliza, maana hapo pana shimo. Tazama x² − 10x + 25 = 0. Tafuta pande zake. Ni (x − 5)(x − 5) = 0. Upande wa kwanza unasema x ni 5. Upande wa pili unasema x ni 5. Huo ni ua wa mraba, pande zake zimelingana. Jibu ni moja. Inatosha! Kwa hiyo usikisie kwa kutazama kile ki-2 kidogo. Tafuta pande zake, ndipo useme.

Tuchukue moja ya mwisho, na hii mtaifanya nyinyi. x ni ngapi? Taarifa ya kwanza: x² + x − 12 = 0. Taarifa ya pili: x² − 9 = 0.

"Ya kwanza: 4 na −3... zikizidishwa ni −12, jumla ni 1. Kwa hiyo (x + 4)(x − 3) = 0. x ni −4 au 3. Haitoshi!"

Endelea, mwanangu.

"Ya pili ni kama ule ua wa mchicha! (x − 3)(x + 3) = 0. x ni 3 au −3. Haitoshi!"

Na zikiungana?

"Ya kwanza ina −4 na 3. Ya pili ina 3 na −3. Iliyomo kote kuwili ni 3. Zikiungana zinatosha!"

Mmeona? Kila moja peke yake ilikuwa na wasiwasi, kila moja na majibu mawili. Upande wa x − 3 uko kwenye nyua zote mbili, na huo ndio uliotupa jawabu.

Sasa nendeni mkale, na baada ya chakula mjaribu hili wenyewe. x ni ngapi? Taarifa ya kwanza: x³ = x, yaani x mara x mara x ni sawa na x. Taarifa ya pili: x si 0. Safari hii pande zitakuwa tatu, na yule wa kizingitini atakuwa anawasikiliza kama mtagawanya. Nileteeni jibu kesho, na mnionyeshe pande zote.